Maji Aliyoyateka Einar

Kila asubuhi Thora Halldorson alitenga vikombe viwili vya kahawa. Kisha alikumbuka, na kimoja akakirudisha kabatini.

Mumewe Einar alifariki mwezi wa Agosti. Moyo ulisimama ghafla wakiwa kambini, kando ya ziwa walilokwenda kila kiangazi kwa miaka ishirini na sita. Mwenzao wa kambini alimvutia Thora trela lao la kulala hadi nyumbani, akaliegesha uani. Tangu siku hiyo Thora hakuligusa. Koti la Einar lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Tangi lilikuwa na maji aliyoyateka mwenyewe asubuhi ile ya mwisho.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yalikuwa chumbani, ndani ya sanduku dogo la mbao. Einar aliomba zamani, na Thora aliahidi: apelekwe ziwani kwa trela lile lile, barafu ikishayeyuka. Lakini binti yao Sigrid, anayeishi Calgary, alipiga simu kumshauri mama aliuze. Alisema mama hajui hata koki za trela ziko wapi. Maneno hayo yalimchoma Thora kwa sababu yalikuwa kweli. Kila mwaka Einar alilitayarisha trela kwa baridi wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Oktoba, wakati yeye Thora akihangaika jikoni na bata mzinga. Walipokaa mezani kazi ilikuwa imekwisha, na hakuwahi kuuliza imefanywaje.

Safari hii sikukuu ilipita bila bata mzinga. Jumanne yake redio ikatangaza kwamba Alhamisi baridi itafika nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Thora akafanya alichokijua. Huku Saskatchewan, Kanada, usiku wa baridi kila mtu huchomeka gari lake kwenye umeme, injini isigande. Basi naye akavuta waya mrefu kutoka jikoni, akaweka hita ndogo ndani ya trela, akaichomeka. Akarudi ndani ameridhika.

Waya ule ulionwa na Orysia Hnatiuk, jirani wa ua wa pili aliyejua habari ya ahadi ile. Orysia alikuwa fundi wa matrela kwa miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu, na mdomo wake haukustaafu naye. Alivuka nyasi na viatu vyake vya nyumbani.

"Thora, unampasha nani joto humo?"

"Mabomba."

"Mabomba mengi yamepita chini ya sakafu, mwenzangu. Hita yako inawapasha panya tu. Na umeme ukikatika saa chache, umekwisha."

"Kwani maji yakiganda si yatayeyuka tena?"

"Yatayeyuka, ndiyo. Lakini maji yakiganda huvimba. Yakivimba yanapasua bomba, yanapasua pampu, yanapasua mpaka tangi la maji moto. Na wewe hujui kitu mpaka Mei, unafungua koki na sakafu yote inaloa. Nimebomoa matrela mengi ya namna hiyo. Mengine tuliyatupa. Haya maji yamwagwe leo."

Thora alitazama pembeni. "Siyamwagi."

Orysia alitaka kumtania, akauona uso wake, akaacha.

"Einar ndiye aliyeyateka," Thora alisema.

Orysia aliketi kwenye ngazi ya trela.

"Sikudanganyi kwamba haitauma," alisema mwishowe. "Itauma. Lakini Einar ulimwahidi maji, au ulimwahidi ziwa?"

Thora alilia palepale uani, bila kujificha. Akauliza kama anaweza kuhifadhi birika moja tu, ayachemshie kahawa. Orysia akamwambia hapana, maji yaliyolala tangini miezi miwili si ya kunywa.

Koki ya tangi aliifungua Thora mwenyewe. Maji yakamwagikia nyasi kwa karibu nusu saa. Alisimama hapo hadi yalipokwisha, na Orysia hakumharakisha.

Kisha wakaanza kazi. Orysia alielekeza, Thora akafanya. Walifunga gesi. Wakafungua kizibo cha tangi la maji moto, na Orysia akaonya kwamba kizibo hicho hakifunguliwi kamwe maji yakiwa bado ya moto, maana yataruka na kumuunguza mtu. Wakafungua koki zote za ndani na zile mbili za chini ya sakafu, mabomba yatoe kila kilichobaki. Matangi ya maji machafu yalikuwa yamekwishamwagwa kambini.

Thora akaleta dumu la dawa ya kijani ya kuzuia maji yasigande kutoka banda la gari. Orysia alimpokonya.

"Hii ni ya rejeta ya gari. Ni sumu. Ukiitia humu, Mei utakunywa nini? Tunataka ile ya rangi ya waridi, imetengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa."

Alikuwa nayo madumu mawili nyumbani kwake. Walizifunga tena koki zote na kizibo. Wakageuza vali ili dawa ipite kando ya tangi la maji moto, la sivyo lingeimeza yote. Pampu ikavuta. Thora akafungua koki moja baada ya nyingine, ya moto kisha ya baridi, jikoni, bafuni, chooni, na kila moja ilipotoa rangi ya waridi akaifunga.

"Umesahau moja," Orysia alisema.

Lilikuwa bomba la nje, Einar alikokuwa akiosha mchanga miguuni. Thora alilifungua.

Akamimina kikombe cha dawa katika kila tundu la sinki na la bafu, kwa sababu chini yake maji hutuama. Betri wakaiingiza ndani ya nyumba. Chakula chote kikatolewa, hata pakiti za supu, na matundu yakazibwa kwa waya wa kusugulia sufuria, panya wasiingie. Koti alilichukua mwisho, akalivaa. Jioni aliandika kila hatua nyuma ya kalenda, kwa mkono wake.

Januari baridi ilifika nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Thora alilitazama trela kupitia dirisha, na hofu haikumtoka.

Mei barafu ikaondoka ziwani. Thora na Orysia walisafisha mabomba kwa maji safi mpaka rangi ikaisha. Wakapapasa chini ya sinki na kila kiungo. Pote palikuwa pakavu. Sigrid akaja kutoka Calgary, akalivuta trela mwenyewe, na njiani hakutaja tena habari ya kuuza.

Ukingoni mwa ziwa Thora aliyamwaga majivu kwa viganja vyake. Mengine yalinata mikononi. Alirudi kwenye trela, akasimama mbele ya sinki, na hakutaka kunawa. Sigrid alibaki mlangoni.

Mwishowe Thora akafungua koki. Maji yakatoka, safi, baridi. Akanawa polepole, kidole kimoja kimoja, akilia kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. Sigrid akamshikia taulo mpaka alipomaliza.