Picha Iliyozidi

Nakala inaweza kupungua. Waya ukilegea, umeme ukikatika, faili ikiharibika, utakuta picha zimepungua mbili au ishirini, na hapo unaanza upya. Lakini nakala haizidi. Mama Nakala alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ya ufundi wa simu na hakuwahi kuona nakala imezidi.

Jumamosi ile ilizidi. Diski ya nyumbani ilikuwa na picha elfu nne mia moja kumi na mbili. Alipozihamishia kwenye diski ya dukani, zikawa elfu nne mia moja kumi na tatu. Akaiambia kompyuta ihesabu tena. Kumi na tatu.

"Macho yamechoka," alijisemea, ingawa si macho yake yaliyohesabu.

Jina la Mama Nakala alipewa na wateja. Alikuwa fundi wa simu, na hakuna aliyeingia dukani kwake na simu iliyokufa bila kuulizwa, "Una nakala?" kabla hata ya kusalimiwa. Wengi hawakuwa nayo. Walilia, akawapa kiti, akaendelea kukaza skrubu. Yeye mwenyewe vitu vyake aliviweka mara tatu: diski moja nyumbani chini ya mataulo, moja dukani, moja kwenye kabati la nguo la dada yake, mitaa miwili kutoka hapo. Nyumba ikiungua, duka lipo. Duka likivunjwa, dada yupo.

Ndani ya diski hizo kulikuwa na mumewe. Alikuwa seremala, mwenye kidole cha shahada kilichokatika ncha, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kuchekesha. Alifariki miaka mitatu iliyopita, binti yao akiwa na miaka mitano. Simu ya mumewe, Mama Nakala aliifungua akatoa betri na kioo, akavitumia kwenye simu za wateja, kwa sababu picha na sauti zote zilikuwa zimeshahifadhiwa mara tatu. Watu walimwona ana moyo wa chuma. Yeye aliona chombo ni chombo, kilichomo ndicho mali.

Akaanza kuitafuta ile iliyozidi. Alizipitia picha mojamoja hadi chai ikapoa. Hakukuta picha ngeni. Ila kwenye ile ya mumewe akimlisha mtoto uji, nyuma kabisa, mlangoni, palikuwa na mtu. Amegeuza mgongo, kisogo tu kinaonekana, na shati limemgandia mwilini kama aliyetoka mvuani. Picha hiyo alikuwa ameitazama mara mia. Mlango ulikuwa mtupu siku zote.

Akafunga kompyuta. Akaosha vikombe.

Kosa alilijua, ila hakutaka kulitaja. Siku nne nyuma, mwanamume mmoja alileta simu ya kaka yake marehemu. Ilikuwa imekutwa ndani ya tangi la maji la nyumba yao, na ilinuka maji yaliyolala kwenye pipa miezi. Mama Nakala aliifungua, akaukausha ubao wake wa ndani, akaupachika kwenye simu nyingine, ikawaka. Diski ya wateja ilikuwa imejaa. Alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: vitu vya wateja haviingii kwenye diski ya familia, hata kwa dakika moja. Lakini siku ile shule ilikuwa imempigia mara mbili, mtoto ana homa, aje amchukue, na diski ya familia, ile ya nyumbani, ilikuwemo mkobani. Akazimwaga humo picha za simu ile, zote.

Kesho yake mwenye simu alikuja. Akafunguliwa picha ya kwanza, akaiangalia, akaweka kiganja mdomoni.

"Futa, mama."

"Zote? Mbona nimezipata nzima?"

"Hizo si za kaka. Futa tu." Akatoka, simu akaiacha mezani.

Mama Nakala akazifuta kwa namna ya kawaida, kama mtu anavyomwaga maganda. Naye alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwamba kufuta hivyo si kuondoa. Faili haiendi popote, kompyuta inasahau tu ilipo. Jumamosi akachukua diski hiyohiyo akainakili kwenye zile mbili nyingine.

Binti yake aliitwa Kasuku kwa sababu hakuwa ananyamaza. Aliongea akila, akioga, akilala. Jumatatu mchana, wamekaa mezani, aligeuza kompyuta ya mama yake akaonyesha picha iliyofunguliwa kutoka kwenye diski.

"Huyu ni nani?"

"Acha utani wako. Maliza chakula."

"Si utani. Huyu aliyenishika ni nani?"

"Baba yako."

Kasuku akaitazama picha hiyo kama anayetazama kalenda ya ukutani. "Haya," akasema, akaendelea kula. Hakusema neno lingine hadi jioni. Mama yake akafikiri ni homa inamrudia.

Jumatano dada mtu akapiga simu. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, anayeongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alinong'ona.

"Mwenzangu, hili dude lako linazunguka."

"Dude gani?"

"Hili ulilonipa niweke kabatini. Linazunguka. Krr, krr. Nimeweka sikio."

"Haliwezi, dada. Halina umeme. Umelichomeka wapi?"

"Nilichomeke wapi, mimi najua kuchomeka? Liko kwenye soksi! Na kabati zima linanuka tangi. Njoo uchukue mizigo yako."

"Ni picha za shemeji yako humo, wewe si unajua?"

Upande wa pili mlango wa kabati ukafungwa.

"Shemeji gani?" dada akauliza.

Mama Nakala alisubiri acheke. Hakucheka. Dada huyo alikuwa amemwoshea shemeji yake vyombo vya harusi, amemkopa misumari, amemlilia siku tatu mfululizo mpaka sauti ikakauka. "Shemeji gani?" alirudia, taratibu, kwa hofu, kama mtu anayepapasa jino na kukuta pengo.

Siku hiyo Mama Nakala alifunga duka saa nane mchana, jua likiwaka, barabara imejaa watu, akaketi kwenye kaunta na kufungua diski, na katika picha ya kwanza yule wa mlangoni alikuwa amesogea hadi nyuma ya kiti, katika ya pili alikuwa ameweka mkono juu ya bega la marehemu, katika ya tatu marehemu hakuwepo ila shati lile lililolowa limekaa mahali pake na Kasuku mdogo amepakatwa juu ya magoti yake, na hata hapo kisogo kilikuwa bado kisogo, ila kilikuwa kimeanza kugeuka kidogo, kiasi cha kuonyesha ncha ya sikio. Akafungua sauti. Kulikuwa na moja aliyoipenda, ya sekunde tisa: *Mwambie Kasuku asilale, naja na penseli za rangi.* Sasa ilikuwa na sekunde arobaini. Maneno yaliisha kwenye ya tisa. Zilizobaki zilikuwa pumzi, nzito, zenye maji.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba hakuumia. Alisikiliza sauti ile kama anayesikiliza sauti ya mume wa mteja. Akajaribu kukumbuka ni kidole gani cha mumewe kilikuwa kimekatika ncha, akaona vidole kumi vizima.

Akarudi nyumbani. Kasuku alikuwa amekaa kizingitini na sare yake ya shule, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo," mtoto akasema kwa adabu kubwa. "Mama yangu hayupo. Wewe ni shangazi?"

*

Bibi Kata-Maneno alikuwa mtabibu wa kutoa majini, mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake lilitokana na kutopenda hadithi ndefu. Alimsikiliza Mama Nakala akiwa anachambua mchele, na alipofikishwa kwenye tangi aliweka sinia chini.

"Umempa vyumba vingapi?"

"Vitatu, bibi."

"Wenzako wanampa kimoja kwa bahati mbaya. Wewe umemjengea." Akavua miwani. "Huyu hana kwake. Anakaa pale mtu anapotunza kumbukumbu ili asizibebe mwenyewe. Anazila zilizomo, kisha anafuata waya kwa mwenye nazo. Ameshamaliza baba. Sasa anakula mama."

"Nifanyeje?"

"Futa. Zote tatu, siku moja, saa moja."

"Niache moja ya sauti. Sekunde tisa tu, bibi."

"Hata pumzi usiache. Na kuna kufuta na kufuta, sivyo? Wewe ndiye fundi."

"Kuna kufuta na kufuta," alikubali.

"Basi unajua ninachosema. Unataka picha za baba au unataka mtoto akujue?"

 Mama Nakala alitafuta moyoni mahali ambapo kumchagua mtoto na kuziacha picha kungemuuma, hakupaona.

"Akitoka," alisema mwishowe, "alichokula kinarudi?"

"Kitarudi kitu," alisema Bibi Kata-Maneno, akavaa miwani. "Na hivi, simu yangu kioo kimepasuka. Ukimaliza haya utanitazamia."

*

Walifanya Ijumaa adhuhuri, dukani, mlango umeshushwa. Dada mtu alikuja amelishika lile dude kwa mfuko wa plastiki, mkono umenyooka, kama aliyebeba panya. Kasuku alikalishwa kwenye kiti cha wateja. Bibi Kata-Maneno aliwasha ubani na kuanza kusoma, sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka.

Mama Nakala alipanga diski tatu juu ya kaunta, akazichomeka zote. Hakubonyeza kufuta. Alichagua ile kazi ndefu, ya kuandika sifuri juu ya kila kitu mpaka pasibaki hata alama ya kilichokuwepo. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza.

Asilimia moja.

Feni ikasimama. Harufu ya tangi ikapanda kutoka kwenye kaunta, ikashinda ubani, na maji yakaanza kutona kwenye tundu za waya, tone moja kwa kila diski.

Asilimia thelathini, diski zikawa zinagonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku, dada mtu akaanza kulia bila sauti huku amejiziba masikio, na ilipofika arobaini na tano spika ya kompyuta, ambayo Mama Nakala mwenyewe alikuwa ameikata waya mwaka juzi kwa sababu ya kelele, ikasema, "Mama. Kasuku." Ilikuwa sauti ya mumewe, hapakuwa na shaka, lakini kila neno lilikuwa limechomolewa mahali tofauti, moja na msumeno nyuma yake, moja na honi za barabarani, moja na kitoto kinacholia, yameunganishwa kama vipande vya mbao visivyotoshana. "Mama. Kasuku. Usi. Ni. Fute. Naja. Naja. Sina. Pengine. Pa. Kukaa."

"Usimjibu," alinong'ona Bibi Kata-Maneno, akarudi kwenye kisomo.

Hakumjibu. Aliweka viganja viwili juu ya kaunta na kutazama namba zikipanda, sitini, sabini, kama anavyotazama maji ya kupikia yakichelewa kuchemka, na yule wa ndani akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo halikuwahi kurekodiwa popote, akamwambia mambo ya chumbani, akamwomba penseli za rangi, akacheka kabla hajamaliza kuchekesha, na yeye hakutoa chozi, alisimama tu, mtu mwenye kazi ya kumaliza. Tisini na tisa ilikaa muda mrefu. Kisha kompyuta ikasema imemaliza, kwa maandishi madogo ya kijani.

Diski zikanyamaza. Feni ikaanza kuzunguka yenyewe.

Akachukua nyundo, akazivunja moja baada ya nyingine, pamoja na simu iliyotoka kwenye tangi. Kasuku akashtuka kwa kishindo cha kwanza, akageuza kichwa.

"Mama! Unavunja nini? Mwenyewe hukuniruhusu hata kushika!"

Dada mtu akakaa chini sakafuni. "Jamani, shemeji yangu," akasema, akalia sasa kwa sauti yake yote. Mama Nakala akamkumbatia mtoto. Alingoja kuhisi kitu. Alihisi nywele za mtoto, zina vumbi.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa anamsuka Kasuku kabla ya shule. Mtoto alikuwa ameongea tangu alfajiri bila kituo: mwalimu, kifutio, rafiki aliyemeza kifungo. Bibi alikuwa amesema kweli, kitu kilikuwa kimerudi.

"Mama, na baba nimemkumbuka."

Mkono wa mama ukatulia kwenye nywele. "Kweli? Unamkumbuka vipi?"

"Alikuwa anapenda kusimama mlangoni. Hasemi. Shati lake limelowa."

"Hapana. Baba yako alikuwa..." Akatafuta. Alikuwa seremala, hilo alilijua, kama unavyojua kazi ya jirani. Akatafuta uso. Akafika kwenye harusi yao, akajiona amekaa na maua, na kando yake, kwenye kiti cha bwana harusi, kisogo. Akakimbilia hospitali, siku ya mwisho, kitanda cha dirishani. Kisogo. Hapakuwa na picha ya kumwonyesha mtoto, wala ya kujionyesha mwenyewe. Alikuwa amefuta vizuri, kama fundi.

"Zamani alikuwa hageuki," Kasuku aliendelea, akichezea kitana. "Jana nikiwa namkumbuka, akageuka. Alikuwa mzuri baba, eti mama?"

Gari la shule lilikuwa linapiga honi nje. Mtoto alikuwa ameinua uso, anatabasamu, anasubiri.

"Alikuwa mzuri," mama yake akasema. "Kaa sawa nimalizie."