Meza Mate, Kisha Funga

Siku ya kwenda kupimwa meno, shangazi yetu aliamka mchangamfu. Alifua, akaanika, akamfunikia mumewe chai mezani, kisha akatoka huku akiimba kwa midomo iliyofungwa. Kuimba kwa midomo wazi alikuwa ameacha. Fizi zilimsaliti mapema. Meno yalilegea moja baada ya jingine mpaka akabaki kibogoyo, na hata mjukuu wa kumwita bibi alikuwa hana.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa ukibogoyo. Kilikuwa picha ya sebuleni. Ndani yake mke wa kwanza wa mumewe, marehemu, alikuwa akicheka, meno yake ya bandia yakimeta kama vikombe vipya. Mumewe, fundi saa, kila akimaliza kula aliinua macho kuitazama.

"Marehemu akicheka, hata saa mbovu zilitembea," alipenda kuwaambia wageni. Wageni walicheka. Shangazi naye alicheka, kiganja kikiwa mdomoni.

Mke mwenza aliye hai utagombana naye, utamsengenya, na siku moja atakosea na wewe upumue. Aliye kaburini utamfanya nini? Hazeeki. Hazidishi chumvi.

Fundi aliyemtengenezea marehemu meno ndiye huyo huyo Shangazi aliyemwendea. Majirani walimwita Nusu Daktari, kwa kuwa hakung'oa jino wala hakudunga mtu sindano. Alikuwa na chumba kimoja chenye harufu ya nta iliyoyeyuka, vumbi la plasta juu ya kila kitu, na rafu iliyojaa mataya meupe ya wateja wake, wazima na waliokwisha kuzikwa.

"Nataka kama ya marehemu," Shangazi alisema hata kabla ya kuketi.

"Shemeji, meno si viatu vya kuazimana."

"Nani kasema naazima? Nataka mapya, ila yafanane."

Nusu Daktari alijikuna kisogo. "Umbo na rangi nitafananisha. Lakini namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini, hapo sina ruhusa ya kuchezea. Kila taya lina mahali pake pa kufungia. Nikipakosea, meno yatakuwa mdomoni mwako lakini hayatakuwa yako."

Alichukua chapa ya fizi za Shangazi, akamimina plasta kupata mataya yake, kisha akapasha nta moto, akaiweka katikati ya fizi hizo. "Sasa meza mate, kisha funga taratibu. Usilisukume taya. Liache lijiendee lenyewe."

Shangazi hakumeza. Alikuwa amejizoeza mbele ya kioo, picha ya marehemu mkononi, akisogeza kidevu mpaka mikunjo ya mdomo wake ikawa kama ya yule. Alipofunga, alifunga hivyo.

Fundi aliitoa nta, akaitumia kukutanisha mataya ya plasta ya Shangazi kwenye kile chuma chenye bawaba kinachofunguka na kufunga kama mdomo. Akainama kutazama. Kisha akashusha rafuni mataya ya marehemu, akayaweka kando ya yale mengine.

"Shemeji, ulimeza?"

"Nilimeza."

"Marehemu alifungia kushoto kidogo. Kwa nje huwezi kuona. Pichani haionekani. Hata mumewe hakujua." Alijifuta vumbi mikononi, polepole. "Na wewe umefungia hapo hapo."

Moyo wa Shangazi ulipiga kwa nguvu. Kwa furaha.

Mtu akivalishwa meno mapya, kwa siku nyingi hurusha mate na kupiga miluzi katikati ya maneno. Ulimi huwa haujajua kuta zake. Siku ya kuvaa, Nusu Daktari alimwambia aseme, "Safisha sufuria sita." Shangazi akasema. Kila herufi ilitoka safi, kama iliyozoea kupita njia hiyo.

Fundi hakutabasamu.

"Uyavue wakati wa kulala," alisema. "Fizi zipumzike."

Hakuyavua.

Mumewe alipomwona, kibano cha saa kilimdondoka.

"Umechoka, Mshale?" Shangazi alimuuliza. Neno lilimtoka tu, akadhani ni utani uliomjia.

Mumewe alisimama. "Jina hilo nani kakuambia? Aliyeniita hivyo ni marehemu tu."

Hakuna aliyemwambia. Jioni hiyo mume hakuitazama picha hata mara moja, na Shangazi alilala kama aliyeshinda kesi.

Tangu hapo fundi saa akawa anarudi mchana kula nyumbani. Alikaa mkabala naye. Alimtazama mdomo tu. Shangazi akiinama, naye aliinama. Akijifunika kwa kiganja, alikishusha kiganja hicho taratibu, bila kumwangalia machoni. Wivu ukarudi, safari hii mkali zaidi. Alikuwa akiuonea wivu mdomo wake mwenyewe.

Mchana mmoja alikuwa anapakua. Hakuwa na la kusema. Mdomo ukafunguka.

"Huyu mwanamke anaondoka lini?"

Sauti ilikuwa yake mwenyewe; maneno hayakuwa yake. Upawa ukabaki hewani. Alimngoja mumewe ashtuke. Acheke. Aulize.

"Vumilia kidogo, mke wangu," mumewe alinong'ona. Akaendelea kula.

Shangazi aliyang'oa meno kwa vidole viwili, akayafunga kwenye leso, akaenda mbio mpaka kwa Nusu Daktari. Alimweleza yote. Yule bwana aliyapokea meno. Aliyaweka juu ya jiwe, akayaponda kwa nyundo mpaka yakawa unga.

"Sikumeza," Shangazi alisema, mate yakimtoka. "Nilikudanganya. Nipime upya. Nipime mimi."

Mlango ulitiwa kivuli. Mumewe alikuwa amefika, anahema, macho yake kwenye ule unga.

"Mume wangu," Shangazi alisema, "nitazame hivi nilivyo. Nina mdomo wangu."

Mumewe aliendelea kuutazama unga.

Nta ikapashwa moto. Nusu Daktari akamwekea.

"Meza mate."

Akameza. Wote walisikia.

"Funga taratibu."

Hakulisukuma. Taya lilijiendea lenyewe, kama mlango unaoijua fremu yake.

Fundi akaitoa nta, akaisogeza dirishani. Fizi tupu huacha mfereji laini kwenye nta, basi. Hii ilikuwa na alama za meno. Juu na chini. Moja moja. Makali.

Shangazi alipitisha ulimi mdomoni. Fizi. Fizi tupu, huku na huku.

Mumewe akaingia ndani. Akampita Shangazi. Aliichukua ile nta kwa viganja viwili, akaisogeza karibu na uso wake.

"Nilidhani umeniacha tena," akanong'ona.