Mwenye Biashara Hashiki Nyundo

Enyi wenye karakana, maduka na meza za barabarani, haya nawaambia ninyi.

Palikuwa na mume na mke waliotengeneza sofa katika chumba kimoja chenye mlango mpana. Mume alipiga fremu za mbao, akavuta mikanda ya mpira na kupanga sponji. Mke alishona vitambaa vya kuvalisha. Kila kiti kilipokamilika, mume alijibwaga juu yake kwa uzito wake wote, akatega sikio. Kikilia, alikifumua. Mke alizoea kishindo cha makalio ya mumewe kuliko sauti ya redio, na nyumba ilikuwa na amani.

Siku moja mume akaalikwa semina ya ujasiriamali. Akaenda, akaonja, akaenda tena na tena. Semina si mbaya, ndugu msomaji. Hata dawa si mbaya, ila mtu hanywi chupa nzima kwa mara moja. Alirudi na tai shingoni.

“Mama Watoto, kuanzia leo mimi ni mkurugenzi. Mwenye biashara hashiki nyundo. Anashika maono.”

“Na viti atavijaribu nani?”

“Wateja. Si ndio watakaovikalia?”

Mke alicheka. Hakujua kwamba mumewe hatanii.

Mume akaajiri vibarua, akaweka meza mlangoni, akakaa nyuma yake akizungumza kwa simu. Mke aliviona viti vikitoka.

“Baba Watoto, mikanda haivutwi. Wanaipigilia imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.”

“Hizo ni fikra finyu, mke wangu.”

Akasema tena, akajibiwa vilevile. Mwishowe akanyamaza. Hasira ilimtoka, na huzuni pia ikamtoka. Ndani yake pakafa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alishona, akapika, akalala.

Ndipo mwenye ukumbi wa sherehe, mteja wao wa siku nyingi, akaagiza viti vipya vya ukumbi mzima. Mke aliuliza kama watamudu. Mume akasema, “Kubali kwanza, mengine utajua mbele ya safari.” Viti vikapelekwa bila hata kimoja kukaliwa.

Vilirudi juu ya lori.

“Mkurugenzi yuko wapi?” mwenye ukumbi alifoka. “Mama mkwe wangu amezama kitini mpaka magoti yakamgusa kidevu! Tumemvuta watu watatu, na wageni wanapiga picha!”

“Mngemvuta kwa kamba ya kisimani,” alidakia muuza vyuma wa jirani, na watu wakaangua kicheko.

“Mzee, changamoto ni fursa…” mume alianza.

“Basi kaa na fursa yako!”

Viti vikamwagwa mlangoni. Habari mbaya haina kituo: walioagiza wakaghairi, vibarua wakatawanyika. Mume akajilaza, akaugeukia ukuta. Mke alingoja machozi yaje, hayakuja. Aliona wazi kwamba karakana inakufa, na kwamba ikifa, watoto hawana pengine pa kula. Aliliona hilo kama mtu anayetazama mvua dirishani. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda ukumbini.

“Umeleta visingizio?” mwenye ukumbi alimuuliza.

“Hapana, kaka. Nimekuja kuuliza. Mbali na mikanda, ni nini kingine kinakukera kwenye viti vyetu?”

Mwenye ukumbi akashusha sauti.

“Kazi siwapi tena, hilo lijue. Lakini kwa kuwa umeuliza: vitambaa havivuliki. Mchuzi ukimwagika, doa linabaki. Miaka yote hii hakuna fundi aliyewahi kuniuliza.”

Mke hakubembeleza. Alirudi, akashona kitambaa cha kuvalisha chenye zipu, kinachovuliwa na kufuliwa, akamwonyesha kinyozi wa mtaani. Kinyozi akasema zipu inakwaruza miguu. Mke akaihamishia nyuma. Kinyozi akaagiza, na shemeji yake naye akaagiza. Si wengi, lakini mlango haukufungwa.

Asubuhi moja mume aliingia karakana bila tai.

“Nifanye nini?”

“Vuta mikanda.”

Mke alitafuta furaha moyoni, hakuikuta. Ganzi haitoki kwa siku moja, wapendwa.

Mchana akaja mwalimu mstaafu, mwanamke wa makamo, kiti chake kimebebwa na mkokoteni.

“Kiti chenu hiki kinaniumiza.”

Mume akatanua kifua. “Mama, bidhaa zetu zimethibitishwa…”

Cherehani ya mke ikasimama. Mume aliisikia ikisimama. Akachutama mbele ya yule mama.

“Kinaumiza wapi, mama?”

“Hapa, chini ya goti.”

Akachukua chaki, akaweka alama.

MAFUNZO

Ndugu zangu, maono bila mikono ni ndoto ya mchana. Jifunzeni, nendeni semina, someni hata mkiwa na mvi. Lakini elimu isiyokurudisha kwenye kazi yako ukiwa makini zaidi, hiyo imekupotosha. Mjasiriamali wa kweli humuuliza mteja panapouma, akavumilia jibu, kisha akatengeneza. Na aliye karibu nawe akikuonya, msikilize angali ana hamu ya kusema. Mteja aliyekimbia huweza kurudi. Moyo uliokufa ganzi, hakuna fundi anayejua utaamka lini.