Sentensi ya Chiriku

Kila asubuhi Chiriku aliamka na kukuta mama yake ameshaondoka. Mama alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na mikate haisubiri watu waamke. Kwa hiyo kazi za asubuhi zilimwangukia Chiriku: kufagia ua, kujaza ndoo, kuwasha jiko, kuchemsha chai, na mwisho kumpa bibi kidonge chake cha presha.

Jina la Chiriku alipewa na bibi huyo huyo. Mtoto alianza kusema mapema, na tangu siku hiyo hajanyamaza.

"Bibi, kunywa chai upesi, nachelewa shule."

"Kwani hii chai inafukuzwa na nani?" bibi alijibu, akichovya mkate taratibu. "Meno yenyewe yamebaki ya kuazimana, mke mwenza. Niache nitafune kwa adabu."

Ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani, mke mwenza, na Chiriku naye alimtania vilevile.

Kidonge kilitakiwa kinywewe baada ya kula. Na bibi alikula polepole. Basi asubuhi ambazo kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, Chiriku alikiweka kidonge kwenye kisosi kando ya kikombe, akasema, "Dawa yako hiyo, bibi," akatoka mbio. Jioni akirudi, siku nyingine alikuta kisosi kitupu. Siku nyingine alikuta kidonge kimelala palepale pamoja na makombo ya mkate. Alikipuliza makombo, akakirudisha ndani ya chupa. Alijiambia kwamba si neno, kwa kuwa dawa haijapotea.

Mama aliporudi, amechoka na unga umemganda kwenye nyusi, aliuliza, "Bibi yako amekunywa dawa?"

"Amekunywa, mama."

Mama alishusha pumzi na kukaa chini. Jibu hilo lilimpumzisha kuliko kiti.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza, mama mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hakuweza kufundisha akiwa amekaa, alilitoa darasa zima nje kwenye baraza. Akainama, akachora mstari mrefu wa chaki sakafuni. Upande mmoja aliandika neno always, upande wa pili never. Katikati, kwa kufuatana, aliandika usually, often, sometimes na rarely.

"Haya maneno yanatuambia jambo linatokea mara ngapi," alisema. "Always ni siku zote, bila kuruka. Usually ni kwa kawaida. Often ni mara nyingi. Sometimes ni siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Rarely ni mara chache sana. Na never?"

"Kamwe," darasa likajibu.

"Vizuri. Sasa kila mtu afikirie jambo moja la maisha yake, asimame mahali pake kwenye mstari, atamke sentensi. Mkikosea Kiingereza nitawasahihisha, ndiyo kazi yangu. Mkikosea ukweli siwezi, maana mimi siishi kwenu. Hapo kila mtu ajisahihishe mwenyewe. Asogeze miguu."

Wa kwanza alikuwa kijana waliyemwita Kamusi, kwa kuwa hakuna swali alilokosa kulijibu. Alisimama kwenye never, akakohoa kidogo. "I am never late."

Darasa likaangua kicheko. Asubuhi ile ile Kamusi alikuwa ameingia wakati wenzake wamekwisha kaa. Akajikuna kisogo, akasogea hadi rarely.

"Songa," wenzake wakamwambia.

Akafika sometimes.

"Songa tena, baba, usione haya."

Kamusi akafika often, naye akicheka. "Haya basi. I am often late."

"Sentensi safi, na ya kweli," mwalimu akasema. "Hicho ndicho Kiingereza ninachokitaka. Habari ya kuchelewa tutaizungumza mimi na wewe."

Ikawa zamu ya Chiriku. Yeye hakusitasita. Alikwenda moja kwa moja kwenye always. "I always give my grandmother her medicine."

"Daktari wetu huyo," Kamusi alisema. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu akamwekea Chiriku mkono begani na kumwambia, "Bibi yako ana bahati."

Chiriku alitabasamu. Lakini alikumbuka kisosi, akatazama chini kwenye viatu vyake. Angeweza kusogea kidogo tu, hadi usually, au mbele zaidi. Makofi bado yalikuwa yanalia, na makofi ni matamu. Alibaki palepale.

Wiki hiyo bibi alianza kulalamika kizunguzungu. Kichwa, alisema, kilikuwa kizito kama amebebeshwa mtungi. Mama akaomba ruhusa kazini, nao wote watatu wakaenda zahanati.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimfunga bibi mkanda wa kipimo mkononi, akasoma, kisha akapima tena mkono wa pili.

"Marahaba yako nimeipokea, mama, lakini presha yako haina heshima," alisema. "Iko juu sana. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa," mama alijibu. Akamgusa Chiriku kichwani. "Muuguzi wake ni huyu. Siku zote anampa. Mimi natoka usiku usiku, bila mtoto huyu sijui ningefanyaje."

"Siku zote?" daktari akauliza.

"Siku zote," mama akarudia, kwa fahari.

Daktari akavuta kalamu. "Basi dawa hii imeshindwa. Nitampa yenye nguvu zaidi."

Chiriku alisikia kalamu ikianza kukwaruza karatasi. "Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "mtu akipewa yenye nguvu, na kumbe hakuihitaji, inakuwaje?"

"Presha inaweza kushuka mno. Anasimama, anaona giza, anaanguka. Kwa umri wa bibi, kuanguka si mchezo."

Chiriku akamwona bibi kwa mawazo, yuko peke yake nyumbani, anavuka ua kwenda chooni, hakuna mtu wa kumshika. Akamtazama mama. Mama bado alikuwa na ile fahari usoni, na Chiriku alijua ni yeye atakayeiondoa.

"Si siku zote," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Sema tena," daktari alimwambia, bila ukali.

"Nikichelewa namwachia kwenye kisosi. Siku nyingine nikirudi nakikuta. Nakirudisha kwenye chupa. Mama akiniuliza nasema amekunywa."

Mama aliondoa mkono kichwani mwake.

"Unakikuta mara chache au mara nyingi?" daktari akauliza. "Fikiri kwanza. Usinipe jibu zuri, nipe lenyewe."

Chiriku alifikiri. Ilikuwa kama amerudishwa kwenye ule mstari wa chaki, na safari hii alisogea. "Mara nyingi," alisema, na machozi yakamtoka.

Bibi akakohoa. "Msimtwike mtoto mzigo wote. Mimi si kipofu. Kidonge nilikuwa nakiona."

"Sasa mbona ulikuwa hukinywi, mama?" mama akauliza.

"Kinanipeleka chooni, mwanangu. Nikikinywa asubuhi, asubuhi yote ni mimi na choo, choo na mimi. Na nyumbani niko peke yangu. Nikaona afadhali nikipumzishe choo."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaichana ile karatasi. "Dawa ni ile ile, sibadilishi. Tunabadilisha saa. Mjukuu akirudi shule, bibi ale kitu, anywe kidonge mbele ya macho yake, na mtu wa kumsindikiza chooni yupo. Kila siku saa hiyo hiyo. Mtaweza?"

"Tutaweza," Chiriku alijibu.

Walipokaribia nyumbani ndipo mama aliposema, "Umeniumiza, mwanangu. Nilikuwa nikilala kwa ajili ya jibu lako." Akamgeukia. "Lakini ulisema mwenyewe, hukusubiri ugunduliwe. Kwa hilo nakushukuru."

Kesho yake Chiriku alimwendea mwalimu na kumwambia kwamba sentensi yake haikuwa ya kweli. Alitegemea kukaripiwa. Mwalimu akamwuliza tu, "Ya kweli ingekuwaje?" Chiriku akaitamka, na neno sometimes likakaa mahali pa always. "Asante kwa kunirudia," mwalimu alisema. "Wengi huniletea Kiingereza kizuri. Wanaorudi kama wewe ni wachache."

Kuanzia hapo, kila alipotoka shule, Chiriku alimpa bibi uji au mkate, akakaa mbele yake mpaka kidonge kishuke.

"Fungua mdomo nione."

"Ona huyu. Mke mwenza gani anayenikagua kama askari?"

"Fungua, bibi."

Bibi alifungua, akatoa ulimi wote kwa kumkomoa, na wote wawili wakacheka.

Waliporudi zahanati, daktari alifunga mkanda, akasoma, akapima tena mkono wa pili. Kisha akaukunja mkanda akitabasamu. "Imeshuka. Imekaa panapotakiwa."

"Asante, daktari, Mungu akuzidishie," bibi alisema.

"Usinishukuru mimi, mama. Mimi siku ile nilikuwa na kalamu mkononi na nia njema kabisa, na ningekuandikia dawa ya kukuangusha." Akamgeukia Chiriku. "Sikia, binti. Daktari anatibu kile anachoambiwa. Mwalimu naye anafundisha kulingana na kile anachoonyeshwa. Mtu akikuuliza ili akusaidie, mpe ukweli kama ulivyo, hata kama unakuaibisha. Aibu itapita. Bibi yako amebaki."

Mama akamvuta Chiriku karibu, na mkono wake ukarudi kichwani pale ulipokuwa zamani. Bibi alishika ukingo wa meza, akasimama, akangoja kidogo kuona kama kizunguzungu kitakuja. Hakikuja. Akainyoosha kanga yake.

"Wengi wamenipenda katika maisha yangu," alisema, "nami nawashukuru wote. Lakini huyu amekubali kuaibika mbele ya mama yake ili mimi nisianguke. Haya, tufungulieni mlango. Leo natembea mwenyewe."