Viatu vya Baba wa Bibi Harusi

Fundi viatu alishonea mtaa mzima, ila yeye alitembea na kandambili. Leo hatimaye alimaliza viatu vyake mwenyewe: vyeusi, vya kuvaa kwenye harusi ya binti yake mwezi ujao. Akaketi kwenye kigoda, akaingiza mguu. Mguu ukagoma.

"Ngozi imenywea," akasema.

"Ngozi ya juzi inywee leo?" mkewe akacheka. "Kinyozi hajinyoi, mume wangu. Umejipima vibaya."

Maneno hayo yalimchoma fundi, kwa maana hakuwahi kukosea kipimo. Akasukuma tena mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akanywa glasi yake ya maji ya chumvi. Tangu ugonjwa wa virusi uingie, alisikia kwamba chumvi huua virusi kooni. Basi alikunywa asubuhi na jioni. Zahanati hakukanyaga tena. Vidonge vyake vya presha vilipokwisha, alisema afadhali presha anayoijua kuliko virusi asivyovijua.

Jirani yao muuguzi akafika kuchukua viatu vyake, barakoa usoni.

"Dada, mwone shemeji yako," mke akamwambia. "Amejishonea viatu vya mtu mwingine."

Muuguzi hakucheka. Aliinama, akabonyeza mguu wa fundi kwa kidole. Alipoondoa kidole, kishimo kikabaki.

"Shemeji, kiatu hakina kosa. Mguu umevimba. Ukipanda ngazi unahema?"

"Kidogo. Si uzee huo?"

"Na vidonge unakunywa?"

Fundi akaikodolea macho nyundo yake.

"Anakunywa chumvi," mke akajibu. "Eti kinga ni bora kuliko tiba."

"Chumvi haiui virusi," muuguzi akasema. "Inabakiza maji mwilini na kupandisha presha. Moyo unafanya kazi ya punda. Na virusi vikimpata mwenye moyo uliochoka, humuumiza zaidi. Umeruka majivu, shemeji, umekanyaga moto."

Fundi akashusha sauti. "Naogopa kuambukizwa huko. Nataka kumwoza binti yangu nikiwa hai."

"Ndiyo maana twende leo. Vaa barakoa, nawa mikono, kaa mbali na wenzako. Wenye presha wana chumba chao, hawachanganywi na wanaokohoa. Na siku kifua kikikubana, usingoje kupambazuke. Njoo hapo hapo."

Wakaenda. Daktari alimpima, akamrudishia vidonge vyake na kumwongezea cha kupunguza maji mwilini. Maji ya chumvi yakamwagwa. Jikoni nako chumvi ikapungua, ndimu ikaongezeka. Fundi alinung'unika siku za kwanza, kisha akaanza kuomba aongezewe chakula. Daktari aliporidhika, fundi na mkewe wakawa wanatembea taratibu kila jioni, wakitaniana njia nzima.

Asubuhi ya harusi, wageni wachache waliketi uani, viti vikiwa vimeachanishwa. Fundi akaketi kwenye kigoda chake. Mguu ukaingia kwenye kiatu bila kusukumwa. Furaha ikamjaa hadi machozi yakamlenga.

"Mmeona? Kipimo changu hakikuwa na kosa."

"Kiatu kilikuwa kizima," mkewe akasema, akimfunga kamba. "Fundi ndiye aliyehitaji kutengenezwa."

Alimtoa binti yake kwa hatua za mtu mwenye haki ya kuringa. Muziki ulipoanza akamshika mkewe mkono, wakacheza. Na siku hiyo aliyeomba kiti kwanza alikuwa mke.