Kigoda cha Mkunga

Kigoda kilikuwa kimegeukia mlango wa stoo. Karani wa makumbusho alikumbuka vizuri kwamba jana alikiacha kikitazama ukuta, lakini akajisemea ni wafagiaji tu, watu wasiojua kurudisha kitu mahali pake.

Kwa miaka mingi makumbusho yale yalijaza kabati zake panga na viti vya wakubwa, hadi wakazi wakauliza: na sisi je, tuliishi hewani? Ndipo wakaombwa walete vitu vya nyumbani kwao. Dobi mmoja, mama mtu mzima, akaleta kigoda cha marehemu bibi yake aliyekuwa mkunga. Fomu ilipofika kwenye mstari wa mmiliki, akaikataa kalamu.

"Kina mwenyewe, mwanangu, na si binadamu. Paache wazi."

Karani hakuwahi kuacha mstari wazi maishani mwake. Dobi alipotoka tu, akajaza pale jina lake mwenyewe, yeye karani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mchana wa siku ile kigoda kilipokutwa kimegeuka, stoo ikanuka damu na maji ya moto. Kesho yake kigoda kikawa kinalia, kri, kri, kama kimekaliwa na mtu mzito. Siku ya tatu binti wa karani, mwenye mimba ya miezi minane, akamwambia kuna mikono inayompapasa tumbo kila akijilaza, mikono yenye uvuguvugu, inayoijua kazi yake, na karani akaifunga stoo kwa kofuli, akakimbia kumleta dobi na povu la sabuni likiwa bado viwikoni.

Ofisini dobi aliisoma fomu. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini: kigoda kile kina jini, aliyemsaidia bibi yake kuzalisha mtaa mzima, na ujira wake ni mjukuu wa kwanza wa binadamu yeyote anayejiita mwenye kigoda.

"Mimi ni wa pili," alisema. "Dada yangu hatukumzika. Hatukumwona tena."

Karani alilikwangua jina lake kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Simu ikaita. Alikuwa binti yake, amechoka, amejaa furaha.

"Mama, nimeshajifungua. Yule mkunga uliyemtuma ana mikono laini kweli. Kamchukua mtoto, anasema anakuletea huko kazini."

Nyuma ya mlango wa stoo, kofuli likiwa mahali pake, kitoto kichanga kikalia. Kikabembelezwa, kikanyamaza.