Meza Nne za Uyole

Mkono wa chuma ulishuka mezani, ukawageuza farasi wawili weupe wamwelekee mchezaji wao, kama Ambakisye alivyozoea kufanya kabla ya kila mchezo. Ambakisye alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Mahali pake palikuwa na kirejeshi, mashine iliyofundishwa michezo yake yote ya sataranji pamoja na sauti yake, na watu wa Mbeya walishazoea.

Timu ya Uyole ilikuwa na meza nne. Tatu zilichezwa na virejeshi vya marehemu. Ya nne ilikuwa ya Bi Tusekile, mwalimu mstaafu, mchezaji pekee aliyekuwa bado anapumua. Tangu kumzika mwenzake wa mwisho, hakuwa na mtu wa kumtania isipokuwa mashine hizo, naye alizipenda, atake asitake.

Siku ya fainali kirejeshi kimoja kilishinda, cha pili kikashindwa, Ambakisye akapata sare. Yote yakabaki kwenye kete nyeusi za Tusekile. Akishinda, timu itapanda daraja la kwanza, na huko wanacheza walio hai tu. Virejeshi hufutwa papo hapo. Sare ingewaacha palepale walipo, pamoja.

Mpinzani wake, daktari wa meno kutoka Tukuyu, alikuwa taabani, akaomba sare. Tusekile alishauona ushindi, hatua sita tu. Lakini katika michezo ya timu, anayeombwa sare humwuliza kwanza kapteni wake. Akamgeukia Ambakisye, kapteni wao tangu zamani, akitamani sana aambiwe apokee.

"Kapteni, ameomba sare. Nikubali?"

Kirejeshi kilikuwa kinaijua sheria ya kufutwa.

"Umechoka, dada?"

"Sijachoka."

"Basi usiniulize habari za kupumzika. Cheza."

Ndivyo angesema Ambakisye mwenyewe. Tusekile aliwachukia mafundi waliokifundisha kirejeshi vizuri hivyo. Angeweza kusogeza kete ovyo, lakini kumchezea ovyo kapteni wake hakuwahi, na katika uzee huu hakutaka kuanza. Akacheza. Baada ya hatua sita mfalme mweupe hakuwa na pa kwenda.

Daktari alimpa mkono. Mwamuzi alitia sahihi, akaenda ukutani, akazima meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tusekile alipogeuka kusema tumeshinda, mkono wa chuma ulikuwa umeshatulia.

Walipomkabidhi kombe, mpiga picha, asiyejua habari, alimwomba asogee kushoto kidogo awapishe wenzake.

Akasogea.